Kibubu cha siku 31: namba tasa inayoishi ndani ya kompyuta

Chukua kibubu kitupu tarehe mosi Januari. Siku ya kwanza tumbukiza shilingi 1, siku ya pili shilingi 2, ya tatu 4, ya nne 8, na hivyo hivyo, kila siku mara mbili ya jana. Wiki ya kwanza haitishi, kwani jumla ni shilingi 127 tu. Tarehe 15 unadaiwa 16,384. Tarehe 21 unadaiwa milioni moja na ushei. Tarehe 31, siku ya mwisho, kibubu kinataka shilingi 1,073,741,824 kwa mkupuo mmoja. Kivunje sasa uhesabu vyote vilivyomo: 2,147,483,647. Bilioni mbili, milioni mia moja arobaini na saba, mia nne themanini na tatu elfu, mia sita arobaini na saba.

Ita watu wagawane sawasawa, bila shilingi kubaki na bila shilingi kukatwa vipande. Wakija wawili, inabaki 1. Wakija watatu, inabaki 1. Watano, zinabaki 2. Saba, inabaki 1. Kumi na mmoja, inabaki 1. Leta kijiji kizima, leta wilaya, leta watu milioni kwa idadi yoyote utakayochagua: daima kutakuwa na baki. Fedha hizi zinakubali mambo mawili tu. Ama mtu mmoja azichukue zote, ama waje watu 2,147,483,647 na kila mmoja apate shilingi yake.

Namba yenye tabia hiyo tunaiita namba tasa. Shuleni wengi wetu tulikariri 2, 3, 5, 7, 11, 13, tukaishia karibu na 97. Neno tasa, kwa maoni yangu, linazionea kidogo namba hizi. Ni kweli kwamba hakuna namba ndogo mbili zinazoweza kuzidishwa zikazaa namba tasa, lakini namba nyingine zote kuanzia 4 huzaliwa nazo: 12 ni 2 × 2 × 3, na 100 ni 2 × 2 × 5 × 5.

Kinachonivutia kwenye kibubu chetu ni kwamba miezi mingine haifanyi hivi. Kibubu cha siku 28 kina 268,435,455, na ile 5 ya mwisho inatosha kuonyesha kwamba watu watano watagawana bila ugomvi. Kibubu cha siku 30 kina 1,073,741,823, na hicho kinagawanyika kwa 3, kwa 7, kwa 11, kwa 31, kwa 151 na kwa 331. Februari ndefu ya siku 29 hukaidi kwa muda. Unajaribu watu 3, 5, 7, 11, unaendelea kupita mia, unaendelea kupita mia mbili, kisha wakija 233 fedha zinagawanyika sawa: 536,870,911 ni 233 × 1,103 × 2,089. Kwa hiyo kati ya urefu wote wa miezi tunaoujua, ni mwezi wa siku 31 pekee unaotoa namba tasa.

Sababu ya siku 30 na 28 kushindwa ni rahisi kuiona. Gawa mwezi wa siku 30 katika nusu mbili za siku 15. Kila siku ya nusu ya pili ina fedha mara 32,768 ya siku inayolingana nayo katika nusu ya kwanza, maana umeongeza maradufu mara 15. Basi jumla yote ni fedha za nusu ya kwanza zikizidishwa kwa 32,769. Imeshagawanyika kabla hujaita mtu. Hila hiyo hiyo inafanya kazi kila idadi ya siku inapoweza kukatwa vipande vilivyo sawa. Kwa hiyo, ili kibubu kiwe na namba tasa, idadi ya siku yenyewe lazima iwe tasa. Sharti hilo ni la lazima lakini halitoshi, na shahidi ni siku 29: 29 ni tasa, kibubu chake si tasa.

Orodha ya mtawa

Namba za namna hii, yaani 2 yenye kipeo fulani (idadi ya siku za kibubu) kutoa 1, zinaitwa kwa jina la Marin Mersenne, mtawa Mfaransa. Mwaka 1644 alichapisha orodha ya vipeo ambavyo kwa maelezo yake vinatoa namba tasa: 2, 3, 5, 7, 13, 17, 19, 31, 67, 127 na 257. Orodha ilikuwa na makosa. 67 na 257 hazikustahili kuwemo, na 61, 89 na 107 zilisahauliwa. Kosa la 67 lilimaliziwa mwaka 1903 huko New York, pale Frank Nelson Cole aliposimama mbele ya wanahisabati wenzake, akaandika ubaoni 193,707,721 × 761,838,257,287, akazidisha kwa mkono hadi mwisho, jibu likawa sawasawa na 2⁶⁷ − 1, akarudi kuketi bila kusema neno.

31 ilikuwa imetajwa hata kabla ya Mersenne. Mwitaliano Pietro Cataldi alithibitisha mwaka 1588 kwamba 2¹⁷ − 1 na 2¹⁹ − 1 ni tasa, kwa kugawanya kwa namba tasa moja baada ya nyingine. Baadaye akadai pia kwamba 23, 29, 31 na 37 zinafuata mkondo huo. Tatu kati ya hizo nne si kweli. Ile ya 31 ni kweli, lakini Cataldi hakuwa na uthibitisho.

Aliyeleta uthibitisho ni Leonhard Euler. Ilikuwa mwaka 1772, akiishi St Petersburg, Urusi, na macho yake yote mawili yakiwa yamekwisha kufa. Alikuwa akihesabu kichwani na wasaidizi wakiandika. Taarifa aliipeleka kwa barua kwa mmoja wa wanahisabati wa ukoo wa Bernoulli: amekagua namba tasa zinazohitajika hadi 46,339, na hakuna hata moja inayoigawa 2³¹ − 1.

Kwa nini 46,339? Kwa sababu vigawo huja viwili viwili. Kama 2,147,483,647 ingekuwa zao la namba mbili, moja kati ya hizo isingeweza kuzidi kipeuo cha pili cha namba yote, na hicho ni 46,340 na ushei. Ukifika hapo bila kupata kigawo, umemaliza. Lakini chini ya 46,340 kuna namba tasa zaidi ya 4,700. Kugawanya namba ya tarakimu kumi mara 4,700, kwa mkono, bila kukosea hata mara moja, ni kazi ya kumchosha hata mwenye macho. Euler alizipunguza hadi zikabaki pungufu ya mia. Namna alivyofanya ndiyo sehemu ninayotaka tuikawilie.

Maduara ya mabaki

Tuanze na kibubu kidogo, cha siku 3. Kina shilingi 7, na watu 7 wanagawana sawa. Sasa andika mabaki yanayowezekana unapogawanya kwa 7, ukiacha sifuri: 1, 2, 3, 4, 5, 6. Anza na 1 uzidishe kwa 2, na kila ukivuka 7 toa 7, kama saa inavyopita kumi na mbili ikarudi saa moja. Unapata 1, 2, 4, kisha 8, ambayo ni 1. Umerudi ulikoanza: duara la namba tatu. Chukua namba isiyotumika, 3. Unapata 3, 6, kisha 12, ambayo ni 5, kisha 10, ambayo ni 3. Duara jingine la namba tatu. Mabaki sita yamejipanga katika maduara mawili, kila moja lenye namba tatu, sawa na siku za kibubu.

Hilo halikutokea kwa bahati. Ikiwa kundi la watu, ambalo idadi yake ni tasa, linagawana kibubu cha siku 31 bila baki, basi 2³¹ ukiigawa kwa kundi hilo inabaki 1. Maana yake ni kwamba ukiongeza maradufu mara 31 unarudi ulikoanza. Huwezi kurudi mapema zaidi, kwa sababu urefu wa duara lazima uigawe 31, na 31 ni tasa: duara ni la namba moja au la namba 31, na la namba moja haliwezekani. Kwa hiyo mabaki yote yanajipanga katika maduara ya 31, 31, 31, bila hata moja kukosa duara. Kumbuka idadi ya mabaki ni pungufu ya kundi kwa moja. Basi kundi lolote linaloweza kugawana kibubu cha siku 31 lazima, ukiondoa mtu mmoja, lipangike katika safu za watu 31. Na kwa kuwa kundi lenyewe ni witiri, ukiondoa mmoja linakuwa shufwa, kwa hiyo linapangika hata katika safu za 62.

Jaribu sheria hii kwenye siku 29, tulikokwisha kuona majibu. Kundi ukiondoa mmoja ligawanyike kwa 58. 233 kutoa 1 ni 232, yaani 58 × 4. 1,103 kutoa 1 ni 58 × 19. 2,089 kutoa 1 ni 58 × 36. Namba tatu ambazo mwanzo zilionekana kuokotwa ovyo, zote zinatii.

Euler aliongeza sharti la pili. Ikiwa 2³¹ inabaki 1, basi 2³² inabaki 2. Lakini 2³² ni 2¹⁶ ikizidishwa kwa yenyewe. Hivyo, kwa macho ya kundi hilo, 2 ni namba mraba. Na inajulikana kwamba kwa namba tasa witiri, jambo hilo hutokea tu pale ambapo ukiigawa kwa 8 inabaki 1 au 7. Unganisha masharti mawili, la 62 na la 8, na unapata hili: kigawo tasa chochote cha 2³¹ − 1, ukikigawa kwa 248, lazima kibakize 1 au 63.

Ungo umekuwa mwembamba sana. Kati ya 248 na 46,340 namba za umbo hilo ni 372 tu, na nyingi kati ya hizo si tasa, kwa hiyo zinatupwa bila kugusa kibubu. Ya kwanza kubaki ni 311, inafuata 1,303, kisha 1,489. Gawa 2,147,483,647 kwa 311 na zinabaki 35. Unasonga kwenye inayofuata. Kazi hiyo mtu mwenye kalamu, karatasi na subira anaweza kuimaliza kwa siku chache, na akiimaliza hana shaka tena juu ya mabilioni ya makundi ambayo hakuyajaribu. Mimi naona huo ndio uzuri wa hisabati: kipofu mmoja St Petersburg alitoa hukumu juu ya kila kundi linalowezekana, naye hakukagua hata mia moja.

Kwa miongo mingi baada ya hapo haikupatikana namba tasa kubwa zaidi. Mwaka 1811 Mwingereza Peter Barlow aliandika kuhusu namba kamilifu inayotokana na hii yetu. Namba kamilifu ni ile ambayo vigawo vyake vyote, ukiiacha yenyewe, vikijumlishwa vinairudisha: 6 ni 1 + 2 + 3, na 28 ni 1 + 2 + 4 + 7 + 14. Zinapatikana kwenye kibubu pia. Kila kibubu chenye jumla tasa, zidisha amana ya siku ya mwisho kwa jumla yote. Siku 2: 2 × 3 ni 6. Siku 3: 4 × 7 ni 28. Siku 31: 1,073,741,824 × 2,147,483,647, yaani 2,305,843,008,139,952,128. Barlow alisema hiyo ndiyo kubwa kuliko zote zitakazowahi kugunduliwa, kwa kuwa namba hizi ni za kustaajabisha tu, hazina faida, na hakuna atakayejisumbua kutafuta nyingine. Alikosea kuhusu watu, na kuhusu 2,147,483,647 alikosea hata zaidi.

Dari la kompyuta

Kompyuta huhesabu kwa biti, na kila biti ni tundu lenye 0 au 1. Kwa miaka mingi kipimo cha kawaida cha namba moja kimekuwa biti 32. Biti moja inaonyesha kama namba ni hasi au la, zinabaki 31. Zikijaa 1 zote, thamani yake ni 1 + 2 + 4 + 8 na kuendelea hadi biti ya 31. Hicho ni kibubu chetu, biti moja kwa kila siku. Kwa hiyo namba kubwa kuliko zote inayoingia humo ni 2,147,483,647. Ukiongeza 1, hesabu haisimami. Inaangukia upande wa pili, kwenye −2,147,483,648.

Desemba 2014 video moja ya muziki kutoka Korea Kusini ilitazamwa mara nyingi kuliko namba hiyo, na YouTube ikalazimika kuhamishia hesabu yake kwenye biti 64. Jambo zito zaidi linahusu saa. Kompyuta nyingi huhesabu muda kwa sekunde tangu mwanzo wa Januari 1, 1970, kwa saa za dunia. Zile ambazo bado zinatumia biti 32 zitajaa Jumanne, Januari 19, 2038, saa kumi na mbili na dakika 14 na sekunde 7 asubuhi kwa saa za Afrika Mashariki. Sekunde inayofuata zitasoma Desemba 13, 1901. Kompyuta na simu mpya nyingi zimeshahamia biti 64, lakini vifaa vidogo vilivyofungwa ndani ya mitambo ambavyo havijawahi kuguswa tangu vitengenezwe vinahitaji kutafutwa kimoja kimoja.

Hapa kuna mkanganyiko ambao nimeusikia mara nyingi, nao unastahili kufumuliwa. Watu husema kompyuta zilichagua namba hii kwa sababu ni tasa. Sivyo. Dari linatokana na idadi ya biti peke yake. Kwa biti 16 dari ni 32,767, ambayo ni 7 × 31 × 151. Kwa biti 64 ni 2⁶³ − 1, ambayo inagawanyika kwa 7. Zote si tasa na kompyuta haikujali. Biti 32 ziliangukia namba tasa kwa sadfa tu.

Lakini sadfa hiyo ilipotokea, kuna waliojua kuitumia. Mwaka 1969 Lewis, Goodman na Miller, waliokuwa wakitafuta njia ya kuzalisha namba za nasibu, yaani zinazoonekana hazina mpangilio, kwenye kompyuta za IBM, walipendekeza kanuni fupi: chukua namba, izidishe kwa 16,807, gawa kwa 2,147,483,647, na baki ndiyo namba yako inayofuata. Mwaka 1988 Park na Miller waliipigia debe kama kiwango cha chini ambacho kila programu ingepaswa kukifikia. Ukianza na 1 unapata 16,807, kisha 282,475,249, kisha 1,622,650,073. Kwa jicho la kawaida hakuna mpangilio.

Yarudie maduara. Safari hii mabaki ni yale ya kugawanya kwa 2,147,483,647, na yapo 2,147,483,646. Ukizidisha kwa 2 unapata maduara mafupi ya namba 31, ambayo hayana faida yoyote kwa anayetaka nasibu. Ukizidisha kwa 7 mambo yanageuka kabisa: mabaki yote, bilioni mbili na zaidi, yanaingia kwenye duara moja. Hakuna linaloachwa wala kujirudia hadi mengine yote yamepita. Mwenendo huo, ambapo kizidisho kimoja kinatembelea mabaki yote, kwa namba tasa umehakikishwa kuwepo; kwa namba nyingine kama 32,767 hauwezekani kamwe. Hapa ndipo utasa unapofanya kazi kweli.

Na 16,807? Ni 7⁵. Idadi ya mabaki, 2,147,483,646, ni 2 × 3 × 3 × 7 × 11 × 31 × 151 × 331. Humo hamna 5. Kwa sababu hiyo ukiruka hatua tano tano katika duara lile la 7 bado unapita kila mahali kabla ya kurudi, na hatua ndefu zinazichanganya namba vizuri kuliko fupi. Kanuni hii inafaa kwa michezo na majaribio ya kuiga foleni au mvua. Haifai kabisa kulinda siri, maana anayeona namba moja anaijua inayofuata.

Vibubu vinavyozaa vibubu

Kuna jambo la mwisho kuhusu 2,147,483,647. Kibubu cha siku 5 kina 31. Kibubu cha siku 31 kina namba yetu. Je, ukiweka akiba kwa siku 2,147,483,647, karibu miaka milioni 5.9, kibubu hicho nacho kitakuwa tasa?

Swali si la upuuzi, kwa sababu kuna mnyororo mwingine unaoanza chini zaidi na bado haujakatika: siku 2 zinatoa 3, siku 3 zinatoa 7, siku 7 zinatoa 127, na siku 127 zinatoa namba ya tarakimu 39 ambayo Mfaransa Édouard Lucas aliitangaza tasa mwaka 1876. Lucas hakugawanya. Alianza na namba ndogo, akawa anazidisha kila namba kwa yenyewe na kutoa 2, akihifadhi baki tu. Mwisho likitoka sifuri, namba ni tasa. Ijaribu kwa siku 5, ukianza na 4: 4, kisha 14, kisha 194, ambayo ukigawa kwa 31 inabaki 8, kisha 62, ambayo inabaki 0. Njia hiyo, iliyonyooshwa baadaye na Derrick Lehmer, ndiyo iliyothibitisha 2¹³⁶²⁷⁹⁸⁴¹ − 1 mwezi Oktoba 2024, namba tasa yenye tarakimu 41,024,320.

Kibubu cha siku 2,147,483,647 kina namba yenye tarakimu zaidi ya milioni 646. Kuiandika yote ni kujaza maktaba. Lakini sheria ya Euler inakihusu kama inavyohusu siku 29: kundi lolote linaloweza kukigawana, ukiondoa mmoja, lazima lipangike katika safu za 4,294,967,294, ambayo ni mara mbili ya namba yetu. Watafutaji walikagua makundi ya umbo hilo moja baada ya jingine. Walipofika safu 68,745 na mtu mmoja wa ziada, yaani watu 295,257,526,626,031, kibubu kiligawanyika bila kubaki hata shilingi moja.